Msimu wangu wa kusoma klasiki: hivi vitabu havikuandikwa vimezwe kwa mkupuo

#1

Wakuu kwema? Huu uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu hatugombani.

Kwa miezi kadhaa sasa nimejifungia na vile vitabu ambavyo kila mtu anavitaja ila waliovifikisha mwisho ni wachache. Tolstoy, Dostoevsky, Dickens, George Eliot, Cervantes, na upande wa Kiswahili Shaaban Robert na Kezilahabi. Sina mtihani wala nini, nilichoka tu kuperuzi simu usiku mpaka macho yanawasha alafu asubuhi ukijiuliza ulikuwa unaangalia nini hukumbuki hata kimoja. Nikasema ngoja nisome hivi vinavyoitwa vizito nione kama kweli ni vizito au watu wanatutisha tu.

Nilichotoka nacho ni hiki, na ndio sababu ya kuanzisha uzi: vingi vya hivi vitabu sio vigumu, ila tunavisoma kwa mwendo ambao havikuandikiwa. Mtu anabeba riwaya ya kurasa 800 anataka aimalize wikiendi, akifika ukurasa wa 90 amevurugwa na majina, anafunga, anasema klasiki sio level zake. Mkuu, hata waliosoma kwanza kabisa hawakuisoma hivyo!

Great Expectations ya Dickens ilitoka kidogo kidogo kila wiki kwenye jarida la mwenyewe Dickens, kuanzia Desemba 1860 mpaka Agosti 1861. Yani mtu alisoma kipande chake, akakaa wiki nzima anamuwaza kijana Pip na yule mfungwa mtoro aliyemkamata makaburini, ndio anapata kingine. Middlemarch ya George Eliot ilitoka kwa sehemu 8, ya kwanza Desemba 1871 na ya mwisho Desemba 1872. Anna Karenina ilianza 1875 kwenye jarida la Urusi linaitwa Russkiy Vestnik ikaenda mpaka 1877, na hapo nako kukatokea kituko, sehemu ya mwisho kabisa mhariri aliigomea kwa sababu hakupenda namna Tolstoy alivyowaongelea watu waliokuwa wanajitolea kwenda vitani Serbia. Jarida likaweka kanoti kafupi ka kuwaambia wasomaji mambo yangeishaje, Tolstoy akaichapisha hiyo sehemu kivyake. Fikiria umefuatilia stori miaka yote hiyo alafu mhariri anakuja kukuspoili kwa aya moja.

Kwahiyo wale watu walikuwa wanakula hizi stori kama sisi tunavyokula sizoni, episodi kwa episodi, na mwandishi alijua kabisa msomaji wake ataweka jarida chini leo na kulishika tena baadae akiwa kasahau nusu ya watu. Ndio maana Dickens kila mhusika kampa kitu cha kumkumbukia. Miss Havisham amevaa gauni lake la harusi toka siku alipoachwa, saa zote ndani ya nyumba zimesimama saa tatu kasoro dakika ishirini, keki ya harusi ipo mezani inatembelewa na buibui. Huwezi kumsahau huyo bibi hata ukikaa mwezi hujagusa kitabu. Ukisoma kwa mkupuo unaona mbona anarudia rudia, ukisoma kwa vipande unaona anakukumbusha.

Basi nikabadilisha staili. Sura mbili tatu kwa usiku, nafunga, hata kama ndio panapamba moto. Kesho yake naendelea.

Kitabu kilichonikamata shati ni Crime and Punishment. Hiki kilitoka 1866 kwenye jarida lilelile la Russkiy Vestnik, na mwaka huohuo jarida hilohilo lilikuwa linatoa pia vipande vya mwanzo vya kile kilichokuja kuwa War and Peace, wakati huo bado kikiitwa Mwaka 1805. Aisee hebu fikiria wewe ni msomaji wa kawaida tu umelipia jarida lako, unafungua unakutana na Dostoevsky na Tolstoy wanakusubiri humohumo.

Watu wanadhani ni stori ya kutafuta muuaji. Hamna. Muuaji unamjua toka mwanzo na mauaji yenyewe yanatokea mwishoni mwa sehemu ya kwanza, na sehemu ziko 6 pamoja na hitimisho. Kinachokubana ni maandalizi. Raskolnikov, ndio huyo muuaji, ameshahesabu hatua toka getini kwake mpaka kwa yule bibi mkopeshaji, ni 730 kamili. Anachana shati kuukuu, anashona kitanzi ndani ya koti chini ya kwapa la kushoto ili shoka lining'inie humo lisionekane, mkono anautia mfukoni anashikilia ncha ya mpini lisiyumbe. Alafu anatengeneza rehani feki, kipande cha mbao na bati la chuma, anakifunga na karatasi na kamba kwa fundo gumu makusudi, bibi akianza kuhangaika kulifungua ageukie dirishani kwenye mwanga ampe mgongo. Kila kitu kimepangwa. Sasa siku yenyewe inafika, anashuka ngazi aende kubeba shoka la jikoni kama alivyopanga, anamkuta mtumishi Nastasya leo yupo, anaanika nguo!! Mpango wote wa yule jamaa aliyejiona ana akili kuliko dunia nzima umekwama kwenye kapu la nguo mbichi. Nilicheka alafu nikajiona mbaya, maana nilikuwa nacheka kwa kumsikitikia muuaji. Shoka anakuja kulipata kwa bahati tu, chini ya benchi kwenye kichumba cha mlinzi wa jengo, na yeye anaichukulia hiyo bahati kama ishara.

Hapo nilifunga kitabu. Usiku huo sikulala vizuri kwakweli.

Kuhusu majina ya Kirusi ambayo yanakimbiza watu wengi: mtu mmoja ana jina lake, jina linalotokana na la baba, na la ukoo, alafu na majina ya kudekezwa. Rodion Romanovich Raskolnikov, hapo Romanovich maana yake baba yake ni Roman, mama yake akimwandikia barua anamwita Rodya. Wote ni yeye. Chukua karatasi, andika kila jina jipya na nani ni nani kwake, ichomeke kwenye kitabu. Ukifika katikati hutaihitaji tena.

Sasa sio kila klasiki ya vipande. The Death of Ivan Ilyich ya Tolstoy, 1886, ni fupi, hii kaa chini uimalize mara moja na ikiwezekana usiongee na mtu. Anayesema usimspoili amechelewa, jina la kitabu lenyewe limeshakwambia jamaa anakufa, na sura ya kwanza inaanza wafanyakazi wenzake mahakamani wanasoma tangazo la kifo gazetini na kila mmoja kichwani anapiga hesabu nani sasa atapandishwa cheo. Rafiki yake anaenda msibani, anakaa kwenye kiti kifupi ambacho springi zake zimeharibika, kila akijisogeza springi zinamsukuma juu, na mjane huku analia huku anamuuliza kiaina kama kuna namna ya kupata hela zaidi serikalini kwa sababu ya kifo cha mume. Na jamaa muda wote anawaza ataiwahi vipi karata yake ya jioni. Mimi nimeshahudhuria misiba na nadhani na nyie mmehudhuria, sina la kuongeza hapo.

Alafu ndio Tolstoy anarudi nyuma kuonyesha maisha ya huyo Ivan Ilyich, hakimu, mtu wa heshima, kila kitu safi. Ugonjwa ulioanza kumla ulitokana na nini? Alipanda ngazi kumuonyesha fundi jinsi anavyotaka mapazia yakae, akateleza, akajigonga ubavu kwenye kitasa cha dirisha. Mapazia wakuu. Madaktari wanazunguka zunguka, mke anasema hamezi dawa inavyotakiwa, na mtu pekee anayemtendea kama binadamu ni kijana wa kazi, Gerasim, anakaa usiku amembebea miguu mabegani kwa sababu bosi akiinuliwa miguu maumivu yanapungua. Hasemi hekima yoyote. Anabeba miguu tu.

Na kwa Kiswahili nikarudi kwa Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951. Wengi tulilishwa hii shuleni tukiwa hatujui tunakula nini. Sasa ukiisoma na hili la vipande kichwani inabadilika kabisa. Karama anashtakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria, Majivuno anamsomea mashtaka mbele ya mfalme, na Karama badala ya kujitetea kwa hoja anaanza kuwahadithia kuhusu wajumbe waliotumwa zamani kwenda nchi za mbali kuleta mambo mema, na kila aliyerudi na jambo jema zawadi yake ilikuwa gereza. Wajumbe 6: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Siku kwa siku, mjumbe kwa mjumbe. Nikaanza kusoma mjumbe mmoja kwa usiku mmoja. Ukisoma wote kwa pamoja unaona kama jambo moja linarudiwa mara sita, unachoka. Ukisoma mmoja mmoja unakuwa na wewe umekaa kwenye lile baraza, leo umesikia huyu kafungwa, unaenda kulala, kesho unasikia na yule kafungwa, hasira inapanda taratibu. Na mzee aliandika hayo wakati wa ukoloni, nchi akaiweka angani ili mtu asimshike koo.

Nawasilisha. Mwenye lake aongeze.

#2

Umeandika vizuri mkuu ila hapo kwenye vipande sikubali. Mimi The Count of Monte Cristo nilisoma mfululizo kama mwendawazimu, nilikuwa nakula na kitabu mkononi. Ungeniambia nisome sura tatu nifunge ningekutukana. Kitabu kizuri kinajisoma chenyewe, kama mpaka ujipangie dozi ujue hakijakukolea.

#3

Hahaha mkuu hapo umechagua kitabu cha kunisaidia mimi mwenyewe. Monte Cristo ya Dumas ndio ilikuwa ya vipande kuliko zote, ilitoka kwenye gazeti la Ufaransa Journal des Débats kuanzia Agosti 1844 mpaka Januari 1846. Na hakuiandika peke yake, alikuwa na msaidizi wa kupanga stori anaitwa Auguste Maquet ambaye jina lake halikuwekwa kwenye jalada. Sasa gazeti la kila siku lazima mwisho wa kipande umuachie msomaji mdomo wazi, bila hivyo kesho hanunui. Edmond Dantès yuko gerezani miaka 14, mzee wa seli ya jirani anakufa, maiti imeshonewa kwenye gunia inasubiri kuzikwa, Edmond anaitoa anaingia yeye kwenye gunia akitegemea watamfukia atajifukua. Walinzi wanambeba, wanambeba, anasikia mawimbi, wanamfunga kitu kizito miguuni... makaburi ya lile gereza ni bahari! Nani angelala hapo? Kwahiyo wewe kukisoma mfululizo ni sawa kabisa, umenasa kwenye mtego uliotegwa kwa ajili yako.

Ila jaribu kuisoma Middlemarch kwa spidi hiyo uone. Kule hakuna gunia wala bahari. Kuna binti anaitwa Dorothea, ana akili na ana moyo wa kutaka kufanya jambo kubwa duniani, anaolewa na mzee Casaubon kwa sababu anaandika kitabu kikubwa cha kuelezea chimbuko la hadithi zote za miungu za dunia nzima. Anadhani anaolewa na elimu. Mnaenda fungate Roma, mume anashinda maktaba, mke yuko chumbani analia na hajui hata analilia nini maana hajatukanwa, hajapigwa, hajanyimwa kitu. Kidogo kidogo anakuja kugundua kile kitabu hakitaandikwa kamwe, na mbaya zaidi mzee mwenyewe anajua. Hiyo ndio stori. Ukikimbia unatoka mikono mitupu, unasema sasa mbona hakijatokea kitu. Mimi ilinibidi niwe nasoma sura moja alafu naenda kuoga.

Na kwa wanaopenda umbea wa nyuma ya pazia, mwisho wa Great Expectations tunaousoma sio ule Dickens aliouandika kwanza. Rafiki yake Bulwer-Lytton, na yeye mwandishi, alimshauri aubadilishe usiwe mchungu sana, akaubadilisha. Matoleo mengi ya sikuhizi wanaweka na ule wa kwanza nyuma ya kitabu. Binafsi naona ule wa kwanza ndio wenyewe, Pip na Estella, yule binti aliyempenda, wanakutana njiani, wanasalimiana, wanaachana. Imeisha hiyo.

#4

mm naomba kuuliza, umemtaja Kezilahabi juu alafu hujasema ulisoma kipi. Rosa Mistika tulisoma shule na kwakweli niliichukia, ilikuwa ni taja dhamira tano, onyesha nafasi ya mwanamke, eleza migogoro, mwandishi kafaulu vipi kifani. Mpaka leo nikiona kile kitabu nahisi kuna mtu atanitaka nitoe hoja sita zenye mifano

#5

Nimekuelewa sana. Nilianza na hiyohiyo Rosa Mistika na nikajiwekea sharti moja, nikijikuta kichwani nasema "hapa mwandishi anaonyesha kuwa" nafunga kitabu naenda kufanya shughuli nyingine. Maana hilo ndio tatizo, tulifundishwa kitabu ni kopo la dhamira, unafungua unazitoa unazipanga mezani. Hakuna aliyetuuliza Rosa anakuumiza au hakuumizi.

Ile riwaya ya 1971 ina spidi ya ajabu. Baba, Zakaria, anamlinda binti kwa kipigo, barua tu ya kijana inamtia Rosa kwenye matatizo makubwa. Binti anakua anaogopa wanaume kama moto. Alafu anaenda shule ya mbali, kamba inakatika, na hajui kuogelea kwa sababu hakuwahi kuruhusiwa hata kulowa miguu. Shuleni tuliambiwa funzo ni wasichana wajitunze. Mimi nimesoma sasa nikiwa mtu mzima na naona kitabu kizima kinamwangalia baba. Mwishoni kabisa mwandishi anawapeleka mpaka mbele ya Mungu, baba na binti, na pale Zakaria hana tena fimbo. Ndio maana haishangazi kuna kipindi kilipigwa marufuku mashuleni, walioshtuka walikuwa watu wazima.

Alafu kwa kiburi changu nikashika na Nagona, ya 1990, kwa sababu ni nyembamba. Msidanganywe na wembamba wakuu. Hiyo ni nyingine kabisa, mtu anasafiri na hujui anasafiri kwenye nchi au kwenye akili yake, ndoto inaingia kwenye ndoto, wanafalsafa wa kale na wa juzi wanapita. Ukitafuta stori humo utaumwa kichwa. Nilichofanya nilisoma kwa sauti. Kezilahabi alikuwa mshairi na kurasa nyingi za mle zinafaa sikio kuliko jicho. Sidai kwamba nimeielewa yote ila nitaisoma tena, na hicho sikisemi kuhusu vitabu vingi vya msimu huu.

#6

Asante kwa uzi kaka. Mimi maswali yangu mawili. Kwanza hivi vitabu unavipata wapi bila kufilisika, pili ni dhambi kuruka kurasa? Nipo kwenye Moby-Dick naambiwa aina za nyangumi sura nzima nataka kulia.

#7

Dada yangu la kwanza jepesi. Vitabu vya zamani hati miliki zake zimeshaisha, kwahiyo ingia Project Gutenberg kwenye intaneti, wapo toka 1971, unapakua bure na ni halali. Kama unapenda kusikiliza wakati unafanya kazi za nyumbani ipo LibriVox, watu wa kujitolea wanasoma kwa sauti, wengine wanasoma vizuri wengine kama wanasoma risiti, chagua. Angalizo moja tu, za Kirusi mle nyingi ni tafsiri za Constance Garnett, mama wa Kiingereza aliyefariki 1946. Alifanya kazi kubwa mno na yeye ndio aliwafungulia mlango wasomaji wa Kiingereza, ila Kiingereza chake ni cha enzi zake. Ukiona kinakukaba sio wewe mjinga, jaribu tafsiri mpya ukiweza kuazima mahali.

La pili sasa. Moby-Dick ya 1851 ina sura 135 na hiyo ya aina za nyangumi ni ya 32, na mimi nakutetea hiyo usiiruke! Soma tena ukijua jamaa anatania. Ishmael, msimulizi wa kitabu, anawagawa nyangumi kwa saizi za vitabu kama mtu anapanga kabati la maktaba, wakubwa sehemu yao, wa kati sehemu yao, wadogo sehemu yao, na anasema kwa ujasiri kabisa nyangumi ni samaki na hataki ubishi. Alafu mwishoni anakubali kazi yake haijaisha. Kwangu hiyo ni kichekesho cha mtu anayetaka kukimaliza kitu kisichomalizika, na ukishaelewa hilo unamwelewa na nahodha Ahabu aliyeko juu ya sitaha na mguu wake wa mfupa.

Ila zile za mbele za kuchuna na kuchemsha mafuta nimeruka kadhaa na sikumuomba mtu ruhusa. War and Peace nayo ina hitimisho mbili, ya kwanza inakwambia watu wako wameishia wapi na ya pili ni Tolstoy anatoa mhadhara kuhusu historia inaendeshwa na nini, wahusika wote wameshaondoka jukwaani mzee bado anaongea. Ruka. Atakayekuuliza mwambie umeruhusiwa na mimi. Cha kutoruka kule ni vita vya Austerlitz, Prince Andrei ambaye maisha yake yote anaota sifa za vita, anaanguka amejeruhiwa, amelala chali, na kitu anachokiona ni mbingu tu na mawingu yanapita taratibu, anashangaa ilikuwaje hakuwahi kuiona. Alafu Napoleon mwenyewe, shujaa wake, anakuja kusimama juu yake anaongea, na sauti yake kwa Andrei ni kama nzi. Kurasa chache sana hizo. Mimi hizo peke yake zilinitosha kulipia zile za mipango ya majenerali.

#8

Mbona Cervantes umemtaja mwanzoni alafu ukamtupa. Na ongeza Peponi ya Gurnah kwenye orodha, ni tafsiri ya Paradise ya 1994, kaitafsiri Ida Hadjivayanis ikatoka 2022 mwaka mmoja baada ya mzee kupata Nobel. Kijana Yusuf anachukuliwa na "ami" Aziz kumbe kawekwa rehani kwa deni la baba yake. Usisome kwa Kiingereza kama unajua Kiswahili, utakuja kunishukuru.

#9

Peponi nimeinukuu, ahsante. Kuna mtu anayo namdai kitabu kingine nitabadilishana nae.

Cervantes sikumtupa, nilimuweka akiba kwa sababu yeye ananiharibia nadharia yangu kidogo. Don Quixote haikutoka jaridani, ilitoka kitabu kizima 1605. Lakini cheki anachofanya mle ndani. Sura ya 8, ile ya Don Quixote kupigana na vinu vya upepo akidhani ni majitu, ambayo kila mtu anaijua hata asiyesoma, mbele yake kuna ugomvi, Don Quixote amekutana na Mbasku mmoja (mtu wa kaskazini mwa Hispania) barabarani, wamechomoa panga, Mbasku anajikinga na mto wa kukalia kwa sababu hana ngao, wameinua mikono juu, wanawake kwenye gari la farasi wanasali, kila mtu kakodoa macho. Na hapohapo mwandishi anasema samahani, maandishi niliyokuwa nafuata yameishia hapa. Panga zipo hewani! Sura imeisha.

Sura inayofuata anaacha kabisa ugomvi anaanza kukuhadithia jinsi alivyokuwa anazurura sokoni Toledo, akamkuta kijana anauza makaratasi makuukuu yameandikwa kiarabu, akatafuta mtu wa kumsomea, yule mtu akaanza kucheka, kumbe ndio stori yenyewe ya Don Quixote imeandikwa na mwanahistoria mwarabu anaitwa Cide Hamete Benengeli. Anamchukua mtafsiri anakaa nae nyumbani, malipo ni zabibu kavu na ngano. Ndio panga zinashuka. Zaidi ya karne mbili kabla ya Dickens huyu mzee ameshajua utamu wa kumkatishia mtu stori, na hakuwa hata na jarida la kumlazimisha.

Sehemu ya pili ilichelewa miaka 10, ikatoka 1615, na katikati hapo 1614 kuna mtu akajiita Avellaneda akatoa sehemu ya pili feki. Cervantes hakwenda mahakamani, alimalizana nae ndani ya kitabu. Kwenye sehemu ya pili halali watu wanamjua Don Quixote kwa sababu wameshasoma ya kwanza, wanamsubiri kwa hamu wamchezee. Alafu akiwa kwenye nyumba ya wageni anawasikia watu chumba cha pili wanasoma ile feki na kuijadili. Anaishika, anafungua fungua, anakasirika. Kwenye ile feki anapelekwa Zaragoza kwenye mashindano, na yeye ndio alikuwa njiani kwenda hukohuko. Basi anageuza. Kuanzia hapo Zaragoza hakanyagi, anaenda Barcelona, ili tu kumfanya yule mwandishi feki aonekane muongo.